Kumwaga Oili ya Giaboksi Otomatiki kwenye Pikapu Iliyotembea Sana: Mwongozo Kamili

Kila mwenye pikapu ya otomatiki iliyozeeka ameshaambiwa kauli hii: "Kama oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa, iache hivyo hivyo. Ukiigusa tu, imekufa." Kauli hiyo haikuzuka hewani. Zipo giaboksi zilizoingia gereji zikitembea, zikamwagwa oili, na baada ya wiki mbili zikakataa kwenda. Lakini ukidadisi, mara nyingi utagundua gari lilipelekwa kumwagwa oili kwa sababu gia zilikuwa zimeshaanza kuteleza. Mgonjwa mahututi alipewa dawa dakika ya mwisho, kisha dawa ikasingiziwa kifo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Giaboksi otomatiki ina klachi nyingi ndogo, sahani zilizopakwa kitambaa cha msuguano, na oili ndiyo inayozibana kwa presha. Oili hiyo hiyo inalainisha, inapoza, na inapitisha nguvu ya injini kwenye toki konvata, kile chombo cha duara kinachounganisha injini na giaboksi. Miaka inavyokwenda, kitambaa kinasagika na vumbi lake linaelea ndani ya oili. Oili mpya ina vitakasishi, na msuguano wake ni ule uliokusudiwa na mtengenezaji. Klachi iliyokwisha kabisa, iliyokuwa ikishikilia kwa taabu ndani ya oili nzito yenye vumbi, huachia. Klachi ambayo bado ina nyama hufurahi.

Kwa hiyo anza kwa kujua hali ya giaboksi. Mimi naichukulia kazi hii kuwa uchunguzi kwanza na matengenezo baadaye; nusu ya faida yake iko katika kile utakachokiona kwenye beseni.

Jaribu gari kabla ya kulegeza nati yoyote

Fanya jaribio asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Washa, kanyaga breki, tia R, uhesabu. Gia yenye afya hushika ndani ya sekunde moja au mbili. Ikichukua tatu, nne, kisha ikaingia kwa kishindo, presha imeshuka mahali fulani: oili ni pungufu, chujio limeziba, au sili zimekauka. Rudisha N, kisha tia D, usikilize vile vile.

Halafu endesha, utafute mlima. Panda kwa mzigo wa wastani na uangalie mshale wa mizunguko ya injini. Mshale ukiruka juu bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Rudia oili ikiwa moto, maana kuna giaboksi ambazo huwa nzuri zikiwa baridi na kuharibika zikishapata joto. Kama taa ya injini inawaka, unganisha skana usome kodi za hitilafu kabla ya jambo lolote, kwa sababu solenoidi mbovu (valvu ya umeme inayoelekeza oili) haiponi kwa oili mpya.

Ikiwa gia zinateleza wazi wazi, fahamu kwamba kubadilisha oili kunaweza kusisaidie kitu, na pesa hiyo huenda ni bora ikaenda kwenye ukarabati. Ikiwa zinaingia vizuri, au zimeanza tu kuwa nzito kidogo, endelea. Kilomita 250,000 peke yake si sababu ya kuogopa.

Kuhusu ile habari ya "oili ya kudumu maisha yote ya gari": ZF, watengenezaji wa giaboksi wa Ujerumani ambao bidhaa zao zimo kwenye magari mengi, wanashauri oili ya giaboksi zao ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Pikapu inayobeba mizigo, inayovuta tela au inayopanda milima haiwezi kungoja zaidi ya hapo. Joto ndilo adui: kadiri oili inavyopanda nyuzi 10, kuoza kwake kunakaribia kuongezeka maradufu.

Oili ipi

Hapa usibahatishe. Rangi nyekundu haimaanishi oili zote ni moja. Mercon V na Mercon LV za Ford hazibadilishani. Toyota WS ni nyepesi kuliko T-IV na hazichukui nafasi ya kila mmoja. Giaboksi za Chrysler zinazotaka ATF+4 zinataka hiyo. Dexron VI, ambayo General Motors waliitoa mwaka 2005, inaweza kutumika palipoandikwa Dexron III, lakini Dexron III haiwezi kwenda palipoandikwa Dexron VI. Na kama gari lako ni la CVT, yaani giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, mwongozo huu haukuhusu. Zile zina oili yake peke yake.

Jina sahihi liko kwenye kitabu cha gari, na mara nyingine limepigwa muhuri kwenye dipstiki au kwenye nati ya kujazia. Oili za "magari yote" zinauzwa sana, na ziko zinazofaa, lakini kwa giaboksi ya zamani mimi sioni sababu ya kuongeza shaka juu ya shaka. Dawa za kuongeza kwenye oili, zile chupa za "kuzuia kuteleza", ziache dukani.

Nunua oili zaidi ya utakayomwaga. Pikapu nyingi zina jumla ya lita 9 hadi 13 kwenye mfumo mzima, ila ukimwaga kwa sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, utatoa lita 4 hadi 6 tu. Kilichobaki kiko ndani ya toki konvata, kwenye mabomba na kwenye kipozea.

Pamoja na oili, tafuta chujio jipya na mpira wake, gasketi ya sampo, na washa mpya ya nati ya kumwagia. Baadhi ya giaboksi zina sampo ya plastiki iliyounganishwa na chujio. Hapo unabadilisha sampo nzima.

Vifaa

Jeki, stendi nne imara, kabari za matairi, soketi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inayosoma viwango vidogo, beseni pana la lita 10 au zaidi, ndoo au chupa zenye alama za lita, faneli ndefu au pampu ya mkono, dawa ya kusafishia breki, matambara yasiyoacha nyuzi, glavu na miwani. Kama giaboksi haina dipstiki, utahitaji pia skana inayoonyesha joto la oili, au kipimajoto cha kuelekezea kwenye sampo.

Stendi nne, narudia. Giaboksi isiyo na dipstiki inapimwa kiwango gari likiwa limelala sawa kabisa. Ukiinua mbele peke yake, vipimo vyote vitakudanganya. Na kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tupu.

Kumwaga

Endesha dakika tano hadi kumi ili oili ipate uvuguvugu. Usiilete ikiwa imechemka kwa safari ndefu, maana itakuunguza mikono. Simamisha mahali palipo tambarare, tia P, vuta breki ya mkono, weka kabari, inua, weka stendi, kisha lisukume gari kwa bega ulione halitikisiki.

Sasa jambo ambalo nataka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: fungua nati ya kujazia kabla ya kugusa nati ya kumwagia. Mara yangu ya kwanza sikufanya hivyo. Nilimwaga oili yote, nikasafisha, nikafunga, kisha nikagundua nati ya kujazia imeoza kwa kutu na pembe zake zimeliwa na fundi aliyenitangulia. Pikapu ilikaa siku mbili juu ya stendi, kavu, haiwezi kwenda popote, mpaka nikapata soketi ya kung'ata nati zilizoliwa. Tangu hapo, nati ya kujazia naipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia kazi, na asubuhi naijaribu yenyewe kwanza. Ikigoma, nashusha gari na oili yake ikiwa ndani, naenda kutafuta msaada kwa magurudumu yangu mwenyewe. Kama gari lako lina dipstiki, hatari hii haipo. Unajazia kwenye bomba lake.

Weka beseni, legeza nati ya kumwagia, iache oili ichuruzike hadi matone yahesabike. Usiwe na haraka. Dakika ishirini si nyingi.

Sampo isiyo na nati ya kumwagia inataka ustadi kidogo. Toa bolti zote isipokuwa tatu au nne za kona moja, hizo uzilegeze tu. Shika sampo kwa mkono mmoja, igonge taratibu ubavuni kwa nyundo ya mpira mpaka gasketi iachie, na oili itamwagika kupitia kona iliyoshuka. Usichokoe kwa bisibisi kati ya sampo na mwili wa giaboksi: mwili ni wa aluminiamu, na mkwaruzo mmoja unatosha kuleta uvujaji usiokoma.

Oili yote iliyotoka, ipime. Mimina kwenye chupa zenye alama, andika: lita 4 na nusu, lita 5, chochote kilichotoka. Namba hii ndiyo utakayoitegemea wakati wa kujaza, na watu wengi huitupa pamoja na oili. Usisahau kuwa oili iliyopanuka kwa joto ina ujazo mkubwa zaidi, hivyo pima ikishapoa.

Soma kilichomo kwenye sampo

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Ishushe sampo polepole, bado ina oili ndani, uiweke penye mwanga wa jua.

Chini yake utaona sumaku moja au zaidi, za duara au za mraba, zimevaa ndevu za rangi ya kijivu. Chukua uchafu huo kwa kidole chenye glavu na uusugue kati ya vidole viwili. Ukiwa laini kama grisi, hausikiki punje yoyote, huo ni usagaji wa kawaida wa chuma cha miaka mingi, hata ukiwa mwingi kiasi cha kuficha sumaku. Ukihisi kitu kama mchanga, au ukaona vipande vinavyochoma, kuna gia au beringi inayovunjika. Vipande vya rangi ya dhahabu, ambavyo sumaku haivishiki, ni vya bushi au washa za shaba. Tabaka jeusi lenye chembe kama masizi ya karatasi iliyoungua ni kitambaa cha klachi.

Nusa oili. Oili ya kahawia iliyozeeka ina harufu ya kawaida ya mafuta. Oili iliyoungua ina ukali wa mkate uliogeuka mkaa, na ukishaunusa mara moja hutausahau. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: likitanuka kuwa duara la kahawia au jekundu, bado kuna uhai, likikaa katikati, jeusi, lenye masizi, klachi zimeteseka.

Na ukikuta oili ya rangi ya waridi, nzito kama maziwa, simama hapo hapo. Hayo ni maji ya redieta yaliyoingia kwenye giaboksi, kwa kawaida kupitia kipozea cha oili kilichomo ndani ya redieta yenyewe. Kemikali ya maji hayo huyeyusha gundi inayoshika kitambaa cha klachi. Usiendeshe hata kilomita moja zaidi. Tatizo lako si oili tena.

Piga picha ya sampo na sumaku kabla ya kusafisha, utailinganisha na hali ya mara ijayo. Uchafu ukiwa wa kawaida, endelea kwa moyo mkunjufu.

Chujio na kufunga

Vuta chujio la zamani chini. Kuna oili nyingine kidogo itakayomwagika, hiyo pia ipime. Kisha tazama juu kwenye tundu: je, mpira wa shingo ya chujio ulitoka pamoja nalo? Mara nyingi hubaki umeng'ang'ania juu. Ukiweka chujio jipya na mpira wake juu ya ule wa zamani, pampu itavuta hewa badala ya oili, na gari halitatoka nje ya geti. Utoe kwa chombo kisicho na ncha kali, usikwaruze ukuta wa tundu. Mpira mpya upake oili mpya kabla ya kuusukuma.

Safisha sampo na sumaku kwa dawa ya breki, vikauke kabisa, rudisha sumaku mahali pake. Futa uso wa giaboksi pale gasketi inapokaa. Gasketi ya mpira inawekwa kavu. Usiipake silikoni isipokuwa kitabu kinasema hivyo, kwa sababu silikoni iliyozidi hujikata vipande na kuziba njia nyembamba za oili.

Bolti za sampo ni ndogo na nyuzi zake ziko kwenye aluminiamu. Zote zianze kwa vidole. Kisha kaza kwa mpangilio wa msalaba, kutoka katikati kuelekea kona, mara mbili au tatu. Kiwango kwa giaboksi nyingi hakifiki Nm 15, na kwa nyingine ni Nm 5 tu. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono, wala si ya bega. Mtu anayekaza "mpaka ikatae" anapinda sampo, na itavuja penye pengo kati ya bolti na bolti.

Kujaza na kupima kiwango

Rudisha oili kiasi kile kile ulichopima kutoka. Ukitumia faneli kwenye bomba la dipstiki, mimina taratibu.

Washa injini bila kukanyaga mafuta. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia zote, P hadi ya mwisho na kurudi, ukikaa sekunde tano kwenye kila moja ili oili ifike kwenye kila klachi. Fanya mara mbili.

*Gari lenye dipstiki:* lipate joto kamili, liwe tambarare, na kwa magari mengi injini iwe inaunguruma kwenye P. Baadhi hupimwa kwenye N, na machache injini ikiwa imezimwa, hivyo soma kitabu. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena, usome upande ulio na alama ya chini kuliko mwingine. Ongeza robo lita kwa robo lita.

*Gari lisilo na dipstiki:* kiwango hupimwa kwa nati ya kupimia, na joto la oili ndilo kila kitu. Giaboksi nyingi zinataka oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50 hivi. Zipo zinazopimwa ikizidi 80. Tafuta joto la giaboksi yako, usikope la jirani. Injini ikiunguruma na joto likiwa ndani ya kipimo, fungua nati. Oili ikitiririka kama uzi kisha ikageuka matone, imefika. Isipotoka kitu, ongeza hadi ianze kudondoka, kisha funga. Ikibubujika kwa nguvu, iache ipungue yenyewe. Fanya haraka, kwa sababu kila dakika oili inazidi kupata moto na kupanda.

Usijaze kupita kiasi ukidhani unaipa akiba. Gia zinazozunguka zitaipiga oili iliyozidi ifanye povu, povu ni hewa, na hewa haibani klachi. Dalili zake hufanana na za oili pungufu: kuteleza, kuchelewa kushika, joto.

Mara ya pili na ya tatu

Tuseme giaboksi yako inabeba lita 12 na umetoa 5. Mpya uliyonayo ni takriban asilimia 42 tu. Ukimwaga tena lita 5 baada ya kilomita 500 hadi 1,000, utafika asilimia 66. Mara ya tatu, 80. Raundi hizi mbili ni nyepesi: kama sampo ina nati ya kumwagia, huishushi sampo, unamwaga kwa nati, unapima, unarudisha.

Kwa gari lililotembea sana napendelea njia hii kuliko mashine ya kusukuma oili kwa presha. Oili inabadilika kidogo kidogo, uchafu hautimuliwi wote kwa pamoja kuingia kwenye njia za valvu, na kila raundi unapata nafasi ya kuona kama gari limeipenda au limeanza kulalamika. Likilalamika baada ya raundi ya kwanza, unasimama hapo. Ipo pia njia ya kuchomoa bomba la kipozea na kuiacha pampu ya giaboksi yenyewe itoe oili ya zamani huku unaongeza mpya. Inafanya kazi, lakini inataka watu wawili na macho yasiyobanduka kwenye ndoo, kwa sababu pampu ikikauka hata kwa sekunde chache inajila.

Baada ya kushusha gari

Endesha kilomita 15 hadi 20 kwa upole, bila mzigo. Kompyuta ya giaboksi ilikuwa imezoea oili mbovu, hivyo siku chache za mwanzo gia zinaweza kubadilika kwa namna ya kigeni kidogo: kushika mapema, au kugonga kidogo kutoka ya pili kwenda ya tatu. Baadhi ya magari yanataka kumbukumbu hiyo ifutwe kwa skana; mengine hujirekebisha yenyewe. Kugonga kukizidi wiki moja, pima kiwango tena kabla ya kumlaumu mtu.

Rudi, chungulia chini kwa tochi: kingo za sampo, nati ya kumwagia, nati ya kujazia. Weka kadibodi safi chini ya giaboksi usiku huo, asubuhi uitazame. Usiongeze kukaza bolti zinazovuja jasho bila kupima kwa spana ya toki.

Oili ya zamani iweke kwenye chupa za ile mpya, uifunge, uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Usiichanganye na petroli wala maji ya redieta, na usiimwage ardhini. Lita chache zinaharibu maji mengi sana.

Kisha andika kwenye daftari la gari: tarehe, kilomita, aina ya oili, lita zilizotoka, lita zilizoingia, na hali ya sumaku. Raundi ya pili iwekee alama kilomita 1,000 mbele, na sampo ifunguliwe tena kwa chujio jipya baada ya kilomita 50,000, au 40,000 kama pikapu inavuta tela.